Mstari wa Mjomba Kwenye Jedwali

Watu wakisikia natengeneza kurasa za mtandao hunisifu, nami hutamani kuwaambia wanyamaze. Mwenye kovu usidhani kapoa. Miaka ile hifadhi ya bahari ilipokwisha kuishika Ghuba ya Chole, kila wavu ulitakiwa kibali, na kamati ya vibali ya vijiji vyetu ikanipa mie, binti wa hapa hapa niliyerudi na cheti cha kompyuta, kazi ya kuwatengenezea orodha ya wavuvi. Nilivimba kichwa, sikatai.

Orodha yenyewe ilikuwa jedwali: kila mvuvi na mstari wake, jina, kijiji, aina ya wavu, namba ya simu. Ukibofya mstari popote pale, kibali cha mwenyewe kinasitishwa, na mstari unashuka chini kabisa ya orodha. Mwanzoni niliweka swali, "Una uhakika?" Karani akalalamika kuwa linamchosha. Nikaliondoa, kwa mikono yangu mwenyewe, huku nacheka naye. Halafu, kwa kiherehere changu, nikaifanya namba ya simu nayo ibofyeke: ukiigusa inajitokeza kwa maandishi makubwa na kufunika ukurasa mzima, ili karani aisome vizuri anapopiga simu.

Sasa, mbofyo haukai pale ulipobofya. Unapanda. Ukibofya namba, habari inafika kwenye kisanduku cha namba, kisha inapanda hadi kwenye mstari uliokibeba kisanduku hicho, na mstari nao unafanya kazi yake. Kila anayejifunza kazi hii hufundishwa kuuzuia. Mie nilifundishwa, nikasahau.

Karani alikuwa mtu wa bara, mstaarabu, na desturi yetu aliishika kuliko sisi wenyewe. Kwetu mzee hapelekewi karatasi tu. Hupigiwa simu kwanza, akaamkiwa, akaulizwa hali ya nyumbani, ndipo aambiwe kuna mkutano. Kamati ilipoitisha mkutano wa wavuvi, vijana aliwatumia wote ujumbe kwa mkupuo. Wazee aliwapigia mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, na kila shikamoo ikamwondolea mzee kibali chake. Tuliowaheshimu ndio tuliowamaliza. Karani alipoifunga ile namba kubwa, mstari ulikuwa umeshashuka chini, hakuona kitu.

Jumatatu asubuhi doria ya kamati ikatoka na orodha iliyochapwa. Wazee wengine, bahati yao, hawakwenda baharini siku hiyo. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikwenda. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kusalimisha juya, ule wavu wa kukokota uliokatazwa, akanunua wavu wa macho makubwa kama walivyotaka wenyewe, watu wakamcheka. Huo huo ndio waliomnyang'anya. Aliwaambia kibali anacho. Wakamwonyesha karatasi.

Jumanne nikaufungua msimbo, nikaona. Ulihitaji amri moja tu, ya kuuambia mbofyo ukome pale pale. Nikaiandika, nikarudisha vibali vya wazee wote, kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Wavu wa mjomba ulikuwa uwani kwake, mzima, na siku ya kuchoma nyavu zilizokamatwa ilikuwa Alhamisi.

"Ukisema mtambo umekosea," akaniambia, "kesho kila aliyenyang'anywa juya atadai mtambo umekosea. Umesharekebisha? Basi nyamaza, binti. Na wenzetu wa upande wa Bweni wanataka orodha kama hii, nimewaambia utatengeneza wewe."

Nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza! Sikutishwa, sikulazimishwa. Niliitaka kazi ya Bweni.

Alhamisi walirundika nyavu uwanjani, wakazimwagia mafuta ya taa. Nilisimama na wanawake wenzangu, nailoni ikiungua mbele yetu, nikitazama kila mahali isipokuwa pale aliposimama mjomba.

Ijumaa baada ya swala akaja nyumbani. Nikamwamkia, akaitikia, chai akaikataa.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeijua hiyo mashine," akasema. "Hebu nitazamie nimekosa nini, hata nikienda kuomba radhi nijue naiombea kosa lipi."

Nikafungua kompyuta mbele yake. Mstari wake ulikuwa mahali pake, safi: kibali kipo. Ningeweza kumtungia uwongo, na angeniamini, maana aliniamini kwa kila kitu. Nilishindwa.

"Hujakosa kitu, mjomba. Nimekosa mie, nilipokuwa naitengeneza."

Nilingoja anitukane, ningeshukuru.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

Akautazama mkono wake, akakunja kidole kimoja, akakunja cha pili.

"Wameuchoma Alhamisi," akasema.