Mngurumo wa Bisimwa

Jirani yangu Bisimwa, mpakia mizigo wa ghala la Seven Hills hapa ugenini, alikuwa na neno moja tu: binti yake Nicole ataolewa kwa mngurumo. Yeye na marehemu mkewe walioana kule Kivu wakati wa vita. Walikwenda kanisani kwa miguu, kimya, wasisikiwe na wenye bunduki. Hakukuwa na msafara wala honi.

Mwaka 2021, korona imetufungia ndani, akaona gari mbili aina ya Mustang zikiuzwa mtandaoni, zote za 1967. Moja ilikuwa na injini yake ya kiwandani, silinda sita, nzima kabisa. Nyingine V8, silinda nane.

"Chukua ya sita," nikamwambia tukiwa uani, kila mtu upande wake wa ua. "Kwetu Tanzania V8 ni za mawaziri."

"Mama Ludovick, ile ya sita inakoroma sawa bibi mzee. Mutoto yangu asikike tangu mbali."

"Asikike na nani? Wageni wanaoruhusiwa ni watano."

Mwanamume akishapenda injini, masikio huziba. Kusafiri kwenda kuiona hakukuruhusiwa, basi akainunua kwa kuisikiliza kwenye simu. Iliposhushwa kwenye lori akaiwasha, madirisha ya jikoni kwangu yakatetemeka. Sijawahi kumwona akicheka vile, kabla wala baada.

Wiki ya harusi ikapelekwa kukaguliwa ili iruhusiwe barabarani. Fundi hata boneti hakuifungua kwanza; alitazama gurudumu. Nati nne. V8 ya mwaka ule hutoka kiwandani na tano.

"Hii ilizaliwa na silinda sita," akasema. "Wamebadilisha injini, breki wakaziacha zile zile. Siipitishi."

"Kwa siku moja tu," Bisimwa akamsihi. "Kanisani na kurudi."

"Na ukishindwa kusimama?"

Jumamosi Nicole akatoka na gauni na barakoa, akaingia kwenye Corolla ya msimamizi wake, Goreth.

"It's fine, Dad," akasema.

Baba mtu akakaa kiti cha nyuma, mikono mapajani. Nikapiga kigelegele mlangoni kwangu, hakuna aliyekipokea, mtaa mzima umejifungia. Corolla ikaondoka, wala injini huisikii.

Mustang bado iko uani, nyasi zimefika milangoni. Mwanangu alimwambia breki zinaweza kuagizwa Amerika. Bisimwa akamuuliza, za kumpeleka nani? Nicole alikuwa mtoto wake mmoja tu.