Kamba ya Meli ya Paleti

Aibu ya kuanguka mbele ya kanisa zima nikiwa nimevaa ndevu za pamba nimeshaizoea, maana video imezunguka miji yetu ya huku Marekani, Louisville, Columbus na Buffalo, hadi watoto wa binamu zangu wakiniona wananiita Kapteni, na mimi nacheka nao. Ambacho sikicheki ni kamba. Bon, tulieni niwaeleze.

Kanisa letu la Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, linasali kwenye jengo la wazungu wazee, na wazee wale walikuwa na sikukuu ya kukumbuka familia ya wamisionari iliyotoka kanisani mwao karne ya kumi na tisa, baba, mama na watoto, wakapanda meli ya matanga, wakakaa miezi baharini kuja Afrika. Pasta wetu akasema sisi ndio matunda ya safari ile, donc sisi ndio tuigize. Akanipigia simu Louisville, akanipa nafasi ya mmisionari mwenyewe (mimi, na rangi yangu hii), kwa sababu nina sauti kubwa na kwa sababu alijua nahamia Buffalo.

Ndiyo, nilikuwa nahama. Nilikuwa nimepata kazi nzuri zaidi kule, na chumba kwa rafiki, chumba cha mtu mmoja. Mama yangu, ambaye alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi juzijuzi tu baada ya miaka ya kutengana, akawa anakaa nami Louisville, angebaki Columbus kwa dada yangu Zawadi. Kila mtu alijua isipokuwa Mama mwenyewe. Nilimwambia tunaenda na Zawadi kwenye igizo, ila abebe nguo zake zote kwa ajili ya baridi. Nilipanga kumwambia tukiwa tunarudi, pale mlangoni kwa Zawadi, gari likiwa bado linanguruma. (Mnaniangalia hivyo kwa nini? Ninyi mngemwambiaje?)

Meli niliijenga mwenyewe. Nilikuwa nafanya kazi ghalani Jeffersontown, pembeni ya Louisville, maisha yangu ni paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, basi nikaokota paleti nyuma ya duka, nikazipigilia mbao ubavuni, nikatundika shuka iwe tanga, nikaipandisha yote kwenye toroli ya kuvutia mizigo ili iteleze jukwaani. Mashemasi wawili wa Columbus wangevuta kwa mbele, wamejificha nyuma ya pazia. Kwa nyuma, kamba ndefu ingeshikwa na bibi wa wale watoto, anayebaki bandarini, na nikipunga mkono anaiachilia. Na kwa vile bibi hana hata neno moja la kusema, nikasema acha Mama ndiye awe bibi. Uamuzi mdogo tu huo, jamani.

Jumapili, kabla ya kuanza, nikamteremsha Mama kwenye ukumbi wa chini akavae. Kule kuna picha ukutani ya mwanamke mzee wa kizungu, gauni jeusi, mkono mmoja ameufumba kama ameshika kitu ambacho mpiga picha hakukionyesha. Baridi ya pale si ya theluji, theluji naijua. Mama akauliza huyu ni nani. Nikamweleza alivyotueleza pasta, kwamba ndiye bibi mwenyewe, mama wa mke wa mmisionari, na kwamba binti yake na wajukuu hakuwaona tena, ila kila mwaka alikuwa akirudi bandarini kusimama.

"Walimuaga?" Mama akauliza.

"Walimwambia watarudi karibuni."

Mama akaitazama picha kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo, kisha akaniuliza tena kwa nini nilitaka abebe nguo zote. Nikajifanya ndevu zinaniwasha.

Tukaanza. Mashine ya moshi, tuliyoiazima kwa jamaa wa harusi, ikamwaga moshi kuliko tulivyopatana, taa zikapunguzwa, kwaya ikaimba wimbo wa kuagana kwa sauti ya chini, na mimi niko melini na mke wa kuigiza. Nikapunga mkono. Meli haikwenda. Nikapunga tena. Nasikia mashemasi wanahema, wanaume wanaobeba friji kwa ngazi, na kamba ya nyuma imekaza inalia kii, kii. Yule mke akaogopa, akashuka. Nikapiga magoti nikijifanya naomba, nikanong'ona Mama achilia, lakini simwoni, ni moshi mtupu, na wazungu wazee wameanza kulia wakidhani ndiyo igizo lenyewe.

Nikashikwa na hasira. Nikapaza sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wageni wote: "Mama, niachilie niende!"

Kamba ikaachia. Meli ikachomoka kama ndama aliyefunguliwa, ikawapita mashemasi, ikashuka jukwaani, ikaivaa meza ya keki. Nilitua kifudifudi, ndevu zimehamia utosini, suruali imepasuka pale pasipostahili, na watu wakapiga makofi.

Njiani kwenda Columbus, Zawadi amekaa mbele, Mama nyuma na begi lake mapajani, nikamlaumu Mama kwamba ameniaibisha, kwa nini hakuachilia.

"Mimi niliachilia, mwanangu," akasema polepole. "Ulipopunga mara ya kwanza tu."

Zawadi akafungua video aliyotumiwa, akaniambia nisimamishe gari. Tukasimama kwenye kituo cha mafuta, nikaangalia. Mama amesimama ndani ya moshi, mikono wazi, viganja vyote viwili vinaonekana. Kamba inapita kando yake, imenyooka, inaingia kwenye moshi nyuma yake, ambako hatukufunga kitu, ambako hakuna ila mlango wa ngazi za ukumbi wa chini.

Nikamwambia Mama yote pale pale, kazi, chumba, Columbus, nikalia kama mtoto.

"Basi, sasa umeniaga," akasema. "Nenda, mwanangu. Mimi nimezoea kuachilia."

Columbus tulimshusha Zawadi peke yake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeumbuliwa na keki, nimeapa sitamficha mtu safari inayomhusu. Sasa naishi Buffalo na Mama, nyumba ndogo, kodi kubwa. Kila Jumapili baada ya ibada anashuka chini kumsalimia yule bibi wa picha. Ananiambia mkono wa yule bibi haujafumbwa tena kama ulivyokuwa. Mimi namngojea juu, kwenye ngazi.