Mke wa Mzee Limbikizo

Kengele ya mchana ilipolia katika kiwanda cha mbao, mafundi hawakungoja kujipangusa vumbi. Walikwenda moja kwa moja kantini, na waliotangulia ndio waliopata minofu. Aikande alikuwa akipika mtori wa ndizi na nyama, mzito, wa kushika kijiko. Akishamaliza kugawa alibaki amesimama nyuma ya sufuria, mikono kwenye aproni, akiwatazama wanavyokula. Walidhani anawapenda tu. Kweli aliwapenda, lakini alikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu.

Kwao Machame watu walikuwa wameacha kula kitu kilichotoka mkononi mwake.

Aliolewa huko na Efraimu, mtu mpole, mrefu, mwenye kupenda kuimba kwaya na kulalamika tumbo. Waliishi kwenye kihamba, shamba la kurithi la ukoo, migomba juu na kahawa chini, nyumba yao ikitazamana na ya mama mkwe. Mtoto hawakujaliwa. Siku ya kipaimara cha binti wa jirani Aikande alipika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, akamkaribisha mumewe kama alivyomkaribisha kila mtu. Jioni ile Efraimu akashika tumbo, akatapika damu, na gari halikuwahi kumfikisha hospitali akiwa hai. Daktari alisema ni vidonda vya tumbo, vya siku nyingi. Yoramu, mdogo wa marehemu, alisema daktari hakuwepo mbege ilipokuwa inapikwa.

Hakumshtaki popote. Maneno hayo yalitosha. Kwenye matanga chakula alichopika Aikande kilirudi jikoni kama kilivyotoka. Mama mkwe alikiona kikirudi, akainamisha uso. Baadaye Yoramu akaanza kupogoa kahawa ya kaka yake bila kuuliza, na Aikande akaelewa kwamba shamba si lake tena. Alifunga vitu vyake akateremka Moshi mjini, akapanga chumba mtaa wa Soweto, akaomba kazi ya jikoni. Siku ya kwanza fundi mmoja aliponyoosha sahani kuomba aongezewe, ilibidi ageuke ukutani ajifute macho kwa kisingizio cha moshi wa kuni.

Pale kantini alikuja kugundua kwamba anaweza kuchekesha. Alimwigiza msimamizi wa kiwanda, anavyozunguka sufuria mara mbili akisema leo hana njaa, kisha anaomba kipande cha nyama "cha kuonja chumvi". Balwant Singh, fundi wa malori mwenye gereji ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akija kula pale, alicheka hadi akaweka kijiko chini.

"Dada Aikande," alisema, "wewe unapoteza kipaji kwenye masufuria. Jumanne njoo ukumbini."

Balwant alikuwa na wenzake waliokuwa wakiigiza katika ukumbi mmoja wa mjini kwa kujifurahisha baada ya kazi. Kiongozi wao alikuwa Salehe, mwalimu wa elimu ya watu wazima, mtu wa mjini, nadhifu, aliyekuwa akiandika michezo mwenyewe. Mwaka ule ambao sukari na sabuni vilikuwa vimeadimika, akaandika mchezo wa mauaji wa kuchekesha. Mzee Limbikizo, tajiri mchoyo aliyejaza sukari chini ya kitanda na sabuni darini, anakutwa amekufa sebuleni kwake. Inspekta anafika kupeleleza, lakini kila anapofungua mlango anakutana na bidhaa ambazo mke wake yeye Inspekta alimwambia asirudi nyumbani bila hizo. Washukiwa ni jirani, karani, mganga, na wa kwanza kabisa ni mke wa marehemu, kwa sababu ndiye aliyempa kinywaji chake cha mwisho.

"Mke ni wewe," Salehe alimwambia Aikande, akampa karatasi zake.

Alizisoma akiwa amesimama. Alipofika penye neno sumu, herufi zilianza kumchezea. Alitaka kuzirudisha karatasi, ila akajua ataulizwa kwa nini. Akakaa.

Mazoezi yalimpa raha ambayo hakuitegemea. Primus wa Kibosho, mpiga randa pale kiwandani, ndiye aliyekuwa maiti. Alilala juu ya benchi mchezo mzima, na kazi yake ngumu ilikuwa kutocheka. Balwant alikuwa Inspekta, na kioo chake cha kukuzia vitu alikitengeneza kwa kioo cha taa ya lori. Siku moja Aikande alipompa Primus kata ya mbege ya bandia katika tukio la mwanzo, Primus akaikataa.

"Mwalimu, hapa pana kosa," akasema. "Kwetu mlimani mtu hakupi mbege kabla hajaonja yeye. Asipoonja, wote watajua amemuua, mchezo umekwisha."

Salehe, ambaye hakuwa mnywaji, alifurahi sana. Palepale akaongeza tukio. Inspekta anamuuliza mke, "Ulionja?" Mke anasema alionja hivi, anainua kata kuonyesha, anaonja, anaonja tena, na kabla Inspekta hajamaliza kuandika, kata imekauka. Aikande alilicheza tukio lile kwa utulivu wa mama wa kanisani, kidole kimoja juu, na wenzake walicheka kila mara kana kwamba hawajaliona. Nyumbani alijaribu kujielewa. Jambo lilelile lililomfukuza kwake sasa lilikuwa linachekesha watu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilifanya lichekeshe. Hakujua kama ni dhambi au dawa.

Kisha likaja lori la magogo kutoka juu mlimani, na utingo wake alikuwa mtu wa Machame. Alimwona Aikande akigawa chakula. Alisogea kando na wapakuaji wa magogo wakaongea, basi. Kesho yake mafundi kadhaa walikuja na viazi vyao kutoka nyumbani. Hawakumwambia neno baya. Mmoja alisema daktari amemkataza ndizi. Wiki haikuisha, sufuria ikawa inabaki nusu.

Primus alikula sahani mbili siku hizo, mbele ya watu, lakini ilibidi awaambie wenzake wa mchezo yanayosemwa. Salehe alimwita Aikande pembeni kabla ya mazoezi. Balwant na Primus walikuwepo.

"Dada yangu, tumesikia," alisema Salehe. "Mimi sikuuliza kama ni kweli, na siulizi. Lakini naweza kubadilisha. Wewe uwe jirani, mke tumpe mwingine. Sitaki watu wakudhihaki kwa maneno niliyoyaandika mimi."

Balwant akasema, "Mwalimu, tumuulize yeye. Dada, wewe unataka nini?"

"Efraimu alikufa kwa tumbo," alisema Aikande. "Nilimpenda. Sikuwahi kulisema hilo mbele ya watu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nikiwa jirani, watasema nimeogopa. Niacheni niwe mke."

"Na wakizomea?" Salehe akauliza.

"Wakizomea nitangoja wanyamaze, nitaendelea."

Mchezo ulionyeshwa Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walikuwepo mafundi wa kiwanda, wenye maduka na wake zao, akina mama wa Soweto na watoto mapajani. Aikande alichungulia kupitia tundu la pazia. Safu ya tatu alikuwa amekaa Yoramu, amevaa koti la Jumapili, na pembeni yake mama mkwe amejifunika kitenge kichwani, amekonda kuliko alivyomwacha. Yoramu alikuwa ameambiwa kwamba shemeji yake anajigamba jukwaani jinsi alivyomuua mume, akamleta mama yake ashuhudie.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Primus alikunywa akatoka, akarudi akiyumba, akafa kwa mbwembwe nyingi, akafunikwa shuka. Balwant akaingia na kioo chake, akaanza kwa kupima sabuni badala ya maiti, na ukumbi ukawa wake. Ndipo akamgeukia mke.

"Mama Limbikizo, mbege ile, ulionja?"

Aikande alikuwa anainua kata wakati Yoramu aliposimama.

"Muulize kama na Efraimu alimwonjea," alisema, kwa sauti ya kusikika kote.

Kicheko kilikatika. Wasiojua wakawauliza waliojua, na mnong'ono ukatembea safu hadi safu. Balwant alibaki ameinua kioo chake hewani. Maiti ilifungua jicho.

Aikande aliteremka ngazi za jukwaa, kata mkononi, akitembea polepole ili asimwage. Akasimama mbele ya Yoramu.

"Shemeji," alisema, "Efraimu nilimwonjea. Siku ile kama siku zote. Nilikunywa mimi kwanza, akanywa yeye, ukanywa na wewe, maana ulikuwa umekaa kulia kwake. Sote tulikunywa. Yeye alikuwa mgonjwa." Akainua kata akanywa, akafuta ukingo kwa kiganja, akamnyooshea. "Nimeonja. Karibu."

Yoramu aliingiza mikono mifukoni mwa koti. Watu walingoja.

"Nipe mimi," alisema mama mkwe. "Nina kiu tangu Machame."

Aliishika kata kwa mikono miwili. Alikunywa taratibu, kama wanywavyo wazee, bila kupumzika, hadi akaigeuza juu chini. Kisha akalamba midomo, akakunja uso.

"Hii ni togwa," akasema. "Haijachacha hata kidogo. Mnamuua mtu kwa togwa?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga mapaja, wengine walisimama. Na Balwant akapata la kusema. Alikuja mbio ukingoni mwa jukwaa.

"Bibi, umekunywa kielelezo cha serikali," akamwambia kwa ukali wa kipolisi. "Mahakamani nitapeleka nini, kata tupu?"

"Peleka sukari," akajibu bibi. "Nimeiona kule chini ya kitanda."

Primus alicheka chini ya shuka hadi benchi likagonga sakafu, na hakuna aliyejali kwamba maiti inacheka. Aikande alirudi jukwaani akiwa amelowa machozi, na hakuyafuta. Mchezo ukaendelea. Yoramu alitoka nje, akarudi baada ya muda kumchukua mama yake kwa sababu ya basi la kupanda Machame, na bibi akaondoka akigeukageuka nyuma. Hakuwahi kuona Inspekta akivumbua kwamba Mzee Limbikizo hakuuawa na mtu. Mzee mwenyewe alipanda darini kuhesabu sabuni zake, akakanyaga mche mmoja, akateleza, akapiga kichwa, akashuka kufia sebuleni.

Nisiseme kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Kantini wengi walirudi, wengine wakiwa na aibu, wakisifia chumvi. Wawili watatu hawakurudi kamwe. Kihamba kilibaki kwa Yoramu. Hakuna kikao kilichoitwa wala aliyeomba radhi.

Lakini mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mama mkwe akavimba miguu, akawa haamki kitandani. Alituma salamu kupitia watu wa kanisani: aje Aikande. Jumapili moja Aikande akapanda Machame. Alimkuta peke yake chumbani, akampikia uji, akamlisha. Bibi alikunywa, kisha akamshika mkono.

"Efraimu alilia tumbo tangu hajaota meno," alisema. "Nilimbeba mgongoni nikitembea naye humu ndani. Nilijua mimi. Lakini Yoramu ndiye anayenilisha."

Aikande alilitazama bakuli la uji, akatazama nje penye migomba aliyoipanda mwenyewe. Hasira ilimjia, ya kweli, ikakaa naye kidogo.

"Ningependa ungesema, mama," akasema mwisho.

"Ndiyo," alisema bibi. "Nilipaswa kusema." Kisha akauliza, "Yule mzee wa sabuni, nani alimuua? Nimekaa na swali hilo mwaka mzima."

Basi Aikande akasimama katikati ya chumba, akamwigizia mchezo wote kwa Kichagga. Aliigiza mganga, karani na jirani. Alimwigiza Balwant na kioo chake. Alilala chini akawa Primus anayezuia kucheka. Bibi alicheka hadi akakohoa, akataka arudie pa Inspekta. Nje, Yoramu alikuwa amesimama chini ya upenu na jembe lake, akisikiliza, na hakuingia.

Jioni Aikande alipotoka, alimkuta Yoramu amelishika kapu lake, ndani mkungu wa ndizi ambao hakuuweka yeye. Akatangulia nalo kuteremka hadi kituoni. Basi lilipotokea kwenye kona, Yoramu alilipandisha kapu juu ya keria mwenyewe, akalikaza kamba.

"Mama atakutaka tena Jumapili," alisema, akitazama barabara. "Mvua ikiendelea hivi njia ya kupandia itakuwa na tope. Vaa mabuti."

"Nitavaa," akasema Aikande, akapanda.