Mapishi ya Kwenye Simu

Nilisikia zipu kabla sijafungua macho. Ilikwenda, ikakwama, ikarudi nyuma, ikakwenda tena. Ilikuwa zipu ya begi langu. Hukwama palepale kwenye kona. Nilipofungua macho nilimwona mpenzi wangu amechuchumaa katikati ya chumba, anazikunja nguo zangu moja moja, kwa utulivu, kama mtu anayemfungashia mgonjwa wake.

"Mama kalala Geita kwa dada yake," alisema bila kugeuka. "Saa hizi yuko njiani. Jumatatu ana kliniki ya mgongo."

Niliamka nikamsaidia kutafuta vitu vyangu. Hivyo ndivyo tulivyofanya sote tuliokuwa tunaishi wawili wawili katika vyumba vya kupanga kule mlimani, katikati ya mawe, nyuma ya chuo. Mzazi wa mvulana akija, msichana anaondolewa pamoja na kila kitu kinachomtaja: mafuta ya nywele, kanga iliyotundikwa nyuma ya mlango, ndala ndogo. Mvulana anabaki na godoro, vitabu na sufuria. Mzazi akiondoka, msichana anarudi. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuta wengine wanafanya. Ushauri pekee niliopewa na wasichana walionitangulia ni kwamba nisinunue kabati.

Mara ya kwanza, tukiwa mwaka wa pili, nililala hosteli kwa rafiki yangu siku tatu. Sasa tulikuwa mwaka wa mwisho.

"Safari hii nitamwambia," alisema. "Kabla hajaondoka, nitamwambia wewe ni nani kwangu."

Sikumbuki kama niliamini. Nakumbuka nilisema sawa.

Rafiki yake mmoja alikuja kubeba mizigo. Aliinua ndoo yangu iliyojaa vyombo, akaguna.

"Shemeji, unahama na kisima?"

"Usiivunje sahani."

"Nikiivunja atalipa mume."

Marafiki zake wote waliniita shemeji. Wengine nina hakika hawakulijua jina langu, na tulisoma darasa moja. Walipokuja kujadili masomo, wao walikaa kitandani na makaratasi yao, mimi nikawa kwenye kona na jiko. Nikichangia hoja, walitazamana wakasema, "Shemeji naye yumo." Walicheka bila ubaya. Nami nilicheka.

Yeye hakujua kupika. Mimi ni mtu wa Magu, nimekulia ugali na michembe ya viazi vikavu, na ndizi za kwao Kagera sikuzijua. Alipozitamani, alimpigia mama yake, akaweka spika, akailaza simu juu ya ndoo iliyofunikwa, akanionyesha kidole mdomoni ninyamaze. Halafu mama akaelekeza.

"Paka mafuta mikononi kwanza, utomvu usikushike. Umepaka?"

"Nimepaka, mama," alijibu yeye, amelala kitandani. Mikono yenye mafuta ilikuwa yangu.

"Maharage yaive kabla. Ndizi zinakaa juu. Funika kwa jani. Na usikoroge, mwanangu, si uji huo. Chumvi mwishoni."

"Sawa, mama."

"Atakayekuoa wewe ana raha."

Tulizima simu tukacheka, tukala. Kwa miaka miwili nilifundishwa hivyo. Nilizijua sauti zote za mama yake: ya asubuhi, ya siku ambayo mgongo unamuuma, ya kurudi kanisani. Nadhani nilimpenda kidogo, kama mtu anavyompenda mtangazaji wa redio.

Saa nane mchana siku ile nilikuwa hosteli, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha rafiki yangu, begi miguuni. Simu ikaita.

"Njoo," alisema kwa kunong'ona. "Kaja na mkungu mzima. Anasema nimpikie kama ninavyopikaga."

"Mwambie basi."

"Njoo kwanza. Nitamwambia ukiwepo."

Nilikwenda. Nilipanda njia ya mawe, jua likipiga, na ziwa liko chini kushoto, limelala kama bati. Nilijaribu kufikiria ningesema nini. Mwishowe nilihesabu mawe mpaka nikafika.

Rafiki yake aliyebeba mizigo ndiye aliyefungua.

"Karibu, dada," alisema.

Dada. Ulimi wake haukujikwaa hata kidogo.

Mama alikuwa kwenye kiti chetu kimoja, amekaa wima kwa ajili ya mgongo. Nilipiga magoti kama tulivyolelewa kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Magu."

Bila simu, sauti yake ilikuwa nzito zaidi. Maharage yalikuwa yameshaiva jikoni. Mwanawe alikuwa chini na kisu, viganja vyeusi kwa utomvu, na mbele yake ndizi zilizochongwa kama penseli, nusu ya nyama imebaki kwenye maganda.

"Amesahau," mama aliniambia. "Vitabu vimekuwa vingi."

Nilichukua kisu. Nilimimina mafuta kidogo kiganjani, nikapaka mpaka kwenye vifundo. Nikamenya, nikatumbukiza kwenye maji, nikazipanga juu ya maharage, nikachana jani lililofungia mkungu, nikafunika. Nilipoinua macho mama alikuwa anaiangalia mikono yangu.

"Hukutia chumvi," alisema.

"Mwishoni," nilijibu.

Alinitazama. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Huyu ni nani?"

Alikuwa anafuta viganja kwenye suruali. Utomvu hautoki hivyo.

"Tunasoma wote, mama. Yuko kwenye kundi letu la majadiliano."

"Nakuuliza tena."

"Ni mwanadarasa mwenzangu."

Rafiki yake aliinamia simu. Mimi nilitazama mvuke ukitafuta njia pembeni mwa jani, nikasubiri kuumia. Nilisubiri kama mtu aliyejikata na wembe anavyosubiri damu. Haikuja.

"Basi nilikuwa nakufundisha wewe," mama aliniambia.

"Ndiyo, mama."

"Umeshika." Akavuta kanga yake magotini. "Na mama yako huko Magu, anajua unakaa wapi?"

"Anajua nakaa hosteli."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Alionekana amechoka na safari. Akamwambia mwanawe, "Chakula kinakaribia kuiva. Huyu anabaki kula na sisi, au anaondoka? Sema wewe, chumba ni chako."

Nilimtazama. Nilitaka aseme neno moja tu, anabaki, na hata hilo nililitaka kwa mbali, kama kitu cha mtu mwingine.

"Ana kipindi saa kumi," alisema.

Ilikuwa Jumamosi.

Nilinawa mikono, nikatia chumvi, nikafunika tena. Nikapiga magoti kumuaga mama. Alinishika mkono, akauacha polepole.

"Msindikize basi," alimwambia mwanawe.

Alinifuata mpaka kizingitini. Nilichuchumaa nje kuvaa viatu.

"Nitakupigia," alisema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye nyumba za majirani.

Nilikuwa sijamaliza kufunga kamba za kiatu cha pili mlango ulipofungwa.