Shahada ya Mtu Mmoja

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ukungu ulikuwa umeshuka Rwamishenye, pale Bukoba, mpaka kwenye majani ya migomba, nami nimeketi sebuleni kwa Profesa Projestus na haraka zangu, haraka ambazo hakuna mwingine katika nyumba ile aliyekuwa nazo. Siku hizi nikisinzia mchana hapa barazani, sebule ile hunijia yenyewe. Nasikia mvua nyembamba juu ya bati, nasikia harufu ya kahawa iliyoanikwa, na nashindwa kusema kama naota au nakumbuka. Uzee una raha zake, na hii ni mojawapo.

Umeniambia wamekuteua kusimamia mipango ya programu za shahada chuoni kwenu. Hongera. Sikutanii, nimefurahi kweli, na nimekuogopea kidogo. Ndiyo kazi niliyoifanya mimi nikiwa na umri kama wako, katika chuo kidogo juu ya kilima kule Muleba, mahali ambapo asubuhi huwezi kujua ziwa linaishia wapi na mbingu zinaanzia wapi. Kwa hiyo vuta kiti. Chai ipo, na mvua hii haitakuruhusu kuondoka hata ukitaka.

Watu wengi hudhani chuo ni majengo. Wakiona ghorofa wanasema chuo kimekua. Lakini lazima awepo mtu wa kukaa na kujiuliza kila mwaka: shahada hii bado ina wanafunzi? Walimu wake wapo? Wanaohitimu wanakwenda wapi? Tuanzishe ipi, zipi tuziunganishe, ipi tuipumzishe? Mtu huyo nilikuwa mimi. Ofisini kwangu palikuwa na ubao mkubwa, nimeandika programu zetu zote kwa chaki za rangi, kijani kwa zinazostawi, njano kwa za kuangaliwa, nyekundu kwa zinazokwisha. Niliupenda ubao ule kupita kiasi. Nikifika asubuhi nilikuwa nasimama mbele yake na kuutazama kabla hata ya kuwasalimu wenzangu, wakawa wananiita mke wa ubao.

Iliyokuwa nyekundu kabisa ni Shahada ya Sayansi ya Udongo. Ilianzishwa kwa mbwembwe, kwa hotuba na ng'ombe wa kuchinjwa, kisha wanafunzi wakakosekana. Watu wa kwetu unawajua. Mzazi wa Kihaya atajinyima kila kitu mtoto afike chuo kikuu, lakini ukimwambia mwanao anasomea udongo, anakuuliza, kwani hapa nyumbani udongo umekwisha? Walitaka biashara, walitaka sheria, walitaka ualimu. Darasa la biashara lilifurika hadi wengine wanasikiliza wakiwa wamesimama nje ya madirisha. La udongo lilikuwa na vijana wanne, wote wa mwaka wa pili, na nyuma yao hakuna aliyekuja. Kati ya wahadhiri wawili, mmoja alikuwa ameshaaga anahamia Morogoro.

Nikapanga kuifunga. Hapo sikukosea, na hata leo ningeifunga. Nikapanga pia wanafunzi wale wanne wahamie biashara, mhadhiri aliyebaki apelekwe kitivo cha elimu, na chumba chao wapewe wale wa madirishani. Nikajiona fundi. Watatu walikubali siku ileile, na mmoja wao alinishukuru mpaka akanishika mkono. Wa nne aliitwa Kokugonza, binti kutoka kijiji cha Izimbya, sisi tukimwita Koku.

Alikuja ofisini akasimama karibu na mlango. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Mama, mimi sikuja kusomea biashara."

"Biashara ina ajira, Koku."

"Najua, Mama. Ila kwetu mikungu inazidi kuwa midogo. Babu alikuwa anabeba mkungu mmoja anahema njia nzima. Tata, mwanawe, siku hizi anabeba mitatu kwa mara moja, na anaimba. Nilitaka kujua udongo wetu umepatwa na nini. Kama shahada yenyewe haipo, nitarudi nyumbani."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Angalilia ningejua la kufanya, maana wanaolia nilikuwa nimewazoea. Chuo kingine kingemrudisha mwaka wa kwanza, na kwao Izimbya walikuwa wameshatoa nguvu zote walizokuwa nazo. Kuanza upya kusingewezekana. Nikamwambia afikirie mpaka Jumatatu. Alipotoka, nikachukua kifutio nikafuta Sayansi ya Udongo ubaoni. Vumbi jekundu likanidondokea kwenye viatu.

Kilichobaki ni Profesa Projestus kukubali, maana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mitaala, na bila neno lake hakuna kitu kilichofika seneti. Nilimweleza yote kwa simu, na habari za Koku pia, akanijibu niende nyumbani kwake Jumamosi, tuzungumze kwa utulivu. Nikashuka kutoka Muleba mapema, hotuba yangu yote iko kichwani.

Nilimkuta na mgeni mwingine, jirani yake Ta Rwegasira, mzee mwembamba aliyevaa koti la mvua na asiyelivua hata ndani ya nyumba. Mke wa Profesa, Mama Leokadia, akaja na kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa yetu inayochemshwa na majani yake ya harufu ikakaushwa na maganda yake, ya kutafuna. Akamtilia Ta Rwegasira punje chache kiganjani, akanitilia na mimi. Tukatafuna. Kisha yule mzee akaanza kuzungumza.

Mwanangu, alizungumza. Alizungumzia senene wa zamani, namna walivyokuwa wakija kutoka ziwani mpaka giza linaingia mchana. Akazungumzia ng'ombe wake ambaye haelewani na mvua. Akafika kwenye viatu vya mkwewe, akakaa hapo kwa muda mrefu. Nilikohoa. Nilitazama saa, nikaitazama tena waziwazi ili wanione. Profesa alikuwa ameegemea kiti, anaitikia "eeh, waitu" kila panapostahili, na ukungu ukawa unaingia kwa mlango ulio wazi na kutoka, hata nikahisi nyumba nzima inaelea na sisi ndani yake. Baada ya muda haraka ikaanza kuniishia mwilini bila mimi kuiruhusu. Nilikuwa nasikia sauti tu, sisikii maneno.

Ukungu ulipoinuka, Ta Rwegasira naye akainuka. Profesa alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi taratibu, akakaa.

"Amekuchosha yule mzee," nikamwambia.

"Amenichosha sana."

"Mbona hukumwambia una mgeni wa kazi?"

"Ningemwambia akiwa pale mlangoni. Ningesema, Ta Rwegasira, leo nina shughuli, njoo kesho, na angerudi kwake bila kinyongo. Lakini Mama Leokadia alikuwa ameshamtilia kahawa mkononi. Wewe ulilelewa wapi, Adelina? Mtu anatafuna kahawa ya nyumba yako, unamwambia atoke?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Yule binti wa Izimbya," akasema, "nani alimwita?"

Nikafungua kinywa nianze hotuba yangu, akanitangulia.

"Tulimwita sisi. Tulitangaza, akaomba, tukamdahili. Siku ya kuwapokea nilisimama mimi mwenyewe nikawaambia karibuni nyumbani. Unataka nikubali kuifunga, nami nakubali, maana hesabu yako ni sawa na shahada ile haina mbele. Ila unafunga nyumba mgeni yumo ndani, halafu unamwonyesha dirisha."

Niliona aibu, masikio yakawaka. Na nilikasirika vilevile, sikufichi. Niliona ananionea, mtu aliyekaa kwenye kiti chake akitafuna kahawa wakati mimi nina wanafunzi wanaosimama nje ya madirisha.

"Ni mtu mmoja, Profesa. Chumba, mhadhiri, mtahini wa nje, vyote kwa mtu mmoja?"

"Basi hapo ndipo kazi yako inapoanza. Niliupita ubao wako juzi. Kufuta si kupanga, mama."

Mama Leokadia akaleta ndizi na maharage, tukala, na hakuna aliyelitaja jambo lile tena. Hivyo ndivyo walivyokuwa wazee wetu. Wakikukemea, wanakulisha.

Jumapili baada ya misa nikaenda ofisini. Nikakaa mbele ya ubao wenye doa jekundu mahali nilipofuta, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza Koku amebakiza nini mpaka amalize. Sikuwa nimewahi kujiuliza. Kumbe kwenye kemia angeweza kuketi na wanafunzi wa ualimu. Takwimu angesoma na hao hao wa biashara. Mafunzo ya vitendo angeyafanya kwenye kibanja cha kwao, lile shamba la migomba, na kwenye rweya, mbuga ya nyasi inayokizunguka, pale pale palipokuwa na swali lake. Yalibaki masomo machache ya udongo wenyewe, na mhadhiri aliyebaki angeweza kuyabeba huku akifundisha kitivo cha elimu. Chumba nilikuwa nimeshakiahidi kwa wengine. Nikageuka nikaitazama ofisi yangu, ilikuwa na nafasi ya meza moja zaidi. Koku alipokuja Jumatatu, nikamwambia asifungashe, asubiri seneti.

Kwenye seneti nikasimama. Nikaeleza kwamba hatutadahili tena Sayansi ya Udongo, na kwamba aliyemo ataimaliza. Makamu Mkuu wa Chuo akavua miwani.

"Adelina, mipango yote hii kwa mtu mmoja?"

"Kwa mtu mmoja tuliyemwita wenyewe," nikasema.

Profesa Projestus alikuwa anatazama ziwa kupitia dirishani, utadhani hayumo kikaoni. Walibishana, wakauliza maswali mengi na mengine yalikuwa ya haki, mwishowe wakapitisha. Nikarudi ofisini nikaiandika upya Sayansi ya Udongo ubaoni.

Basi tangu hapo mpaka alipomaliza, nilifanya kazi yangu huku mhadhara unaendelea pembeni yangu. Mhadhiri anasimama kwenye ubao wangu, Koku anaandika, mimi napitia mitaala yangu, mara nakuta nimeacha kusoma nasikiliza habari za udongo ulioliwa na mvua, na mizizi inayotafuta kitu isichokipata. Asubuhi nyingine ukungu ulijaa dirishani tukawa hatuoni hata ngazi za nje. Tulikuwa watu watatu na udongo kwenye vikopo, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuieleza vizuri kwa mtu. Koku akienda Izimbya kwa mafunzo ya vitendo, ofisi ilinipwaya.

Siku ya mahafali wakaitwa wahitimu wa biashara, wakasimama kama msitu. Wakaitwa walimu. Kisha ikasomwa: wahitimu wa Shahada ya Sayansi ya Udongo, simameni. Akasimama Koku peke yake. Watu wakacheka kidogo, wakidhani kuna makosa. Na nyuma kabisa, mahali pa wazazi, akasimama mwanamume aliyevaa koti kubwa kuliko mwili wake. Ni baba yake. Alikuwa amesikia wanaambiwa wasimame, akaona mwanawe yuko peke yake, akasimama naye. Hakuna aliyemwambia akae. Wanawake wa Izimbya wakapiga vigelegele, na mimi nikalia mbele za watu na joho langu.

Nikiwa bado nafuta macho, nikaona Profesa Projestus ananyoosha mkono. Akanitilia punje moja ya akamwani kiganjani.

"Haya," akasema. "Sasa funga."

Nikapanda ofisini nikalifuta jina lile ubaoni, na safari hii mkono ulikuwa mzito.

Koku yuko Bukoba vijijini mpaka leo, anazungukia mashamba ya watu. Kama mikungu ya kwao imerudi kuwa mikubwa, sijui. Nimekutana naye mara nyingi na kila mara nimechelea kuuliza.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, na usiichukue kwa sababu mimi ni mzee, ichukue kwa sababu utaihitaji. Utaanzisha programu na utazifunga, usiogope lolote kati ya hayo. Shahada isiyo na mbele ukiiacha ivutevute miguu, unawadanganya watoto wa watu. Ila siku unapoandika jina jipya kwenye orodha zako, mfikirie hapohapo mwanafunzi wake wa mwisho, atamalizia wapi na nani atamfundisha. Ukiwa hujui, usitangaze. Na siku ya kufunga, kabla hujagusa kifutio, ingia ndani uangalie nani amekaa. Msubiri. Atakuchosha, watu watakuuliza kwa nini, na hutakuwa na jibu zuri zaidi ya kwamba tulimwita.

Mvua imekatika, nakuona unatazama saa kama mimi nilivyoitazama. Nyoosha mkono nikutilie akamwani hii, ni ya kibanja changu mwenyewe. Tafuna polepole. Mungu akupe jicho la kuona kinachokwisha na moyo wa kumngoja aliyemo. Wote utakaowapokea watoke kwa mlango wa mbele, na siku watakapoitwa kusimama, asikosekane mtu wa kusimama nao. Sasa nenda, na barabara ya Muleba ina utelezi, mwambie dereva asikimbie.