Watoto wa Udongo

Juzi niliona gazetini picha ya watoto wa udongo, wamezongwa nguo hadi shingoni, waliofukuliwa kwenye hekalu la kale la Warumi. Nikasikia tena harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa theluji.

Baba, aliyekuwa akisoma chuo kikuu Minneapolis, alitupeleka makumbusho siku chache baada ya Mama kutoka hospitali alikojifungua. Mtoto, niliambiwa, alikuwa amebaki huko kidogo, nami nilikuwa nimeshamwachia nafasi kitandani kwangu.

Ndani ya kabati la kioo walilala watoto kama hao, kila mmoja wa kuenea kiganjani. Nilidhani ni wanasesere.

"Ni sadaka," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Wazazi walimpelekea mungu wao, wakimwomba mtoto aishi."

"Na waliishi?" Mama akauliza.

Baba akainamia kioo. Nilipomtazama Mama, blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili.

"Mama, umejimwagia chai."

Akafunga koti hadi shingoni. "Ndiyo, mwanangu. Ni chai. Twende nyumbani."

Sasa nami nimenyonyesha, na nakumbuka kwamba siku ile hatukuwa tumekunywa chai.