Mafuriko yalikuja Baraka jua likiwaka, tukahamisha kitanda na mzazi wake

Wakuu, salamu kutoka Baraka, Kivu ya Kusini. Hii nimeiona kwa macho yangu, na mtaa mzima ni mashahidi. Asiyeamini aje, nitampikia ndagala, dagaa wa kwetu.

Mimi nauza samaki wakavu. Mke wangu Mwajuma alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Waislamu mnajua: arobaini! Mzazi hatoki nje, na ndani ya nyumba mkubwa ni mama mkwe. Mimi baba mwenye nyumba nilikuwa nabisha hodi kwangu mwenyewe.

Sasa, sisi watu wa kando ya ziwa tuna ugonjwa mmoja. Tangu Ziwa Tanganyika lilipopanda likameza nyumba za watu ufukweni, kila mtu macho yake yako ziwani.

Na mimi hivyohivyo. Msimu wa mvua ulipoanza nilipanga viroba vya mchanga upande wa ziwa, vizuri kabisa. Kitanda cha mzazi nikakiinua juu ya matofali. Nilijiona injinia, wakuu!

Mgongoni kwetu uko mto Mutambala, unaotoka milimani. Huko sikuweka hata kiroba kimoja.

Siku hiyo baada ya sala ya adhuhuri simu ikalia. Alikuwa Mzee Rubeni, mteja wangu wa Bibokoboko kule milimani, mfugaji wa ng'ombe. Alikuwa amepanda kilima kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu.

"Mwana wangu, huku mvua iko inapiga tangu asubui, haiachi. Mito yote imejaa, na yote inashuka kwenu. We uko karibu na mto, toka!"

Nikatazama juu. Bluu tupu. Nguo za mtoto zilikuwa zimekauka kwenye kamba.

Nikaenda mtoni. Maji hayakuwa mengi, lakini yalikuwa yamegeuka rangi ya matope, yanabeba majani mabichi. Nyumba yetu ni ya matofali mabichi, udongo mtupu. Ukuta wa hivyo ukilowa chini, unalainika kama ugali. Kitanda nimekiinua, sawa, lakini ukuta wenyewe ukianguka je?

Nikakimbia nyumbani. "Mama, tuhame sasa hivi, twende kwa shangazi kule kilimani."

Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Jua iko inawaka ivi, we unataka kutoa mama wa arobaini inje juu ya mvua ya Bibokoboko? Batu batasema nini? Haiwezekani!"

Wakuu, utabishanaje na mama mkwe? Nilitaka kulia, nasema kweli. Mke na mtoto wako ndani, na mimi heshima imenifunga mdomo.

Ndipo Mwajuma akasema kutoka chumbani, taratibu tu:

"Mama, basi banibebe na kitanda yangu, na chandarua yake. Sitatoka. Chumba ndiyo itatoka."

Mama mkwe akafikiri. Kisha akafunga kitenge kiunoni. "Mubebe!"

Niliita majirani watatu, tukashika miguu minne ya kitanda. Chandarua tulikifunika kwa vitenge pande zote, Mwajuma na mtoto wakiwa ndani. Mama mkwe mbele, anapiga kelele: "Mupite pembeni, mama wa arobaini anapita!"

Mtaa mzima ulitoka! Bamama wakapiga vigelegele wakidhani ni bibi harusi. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi natoka jasho, huku najibu kila anayeuliza: "Mto unashuka, toeni batoto!" Wengi wakaacha kucheka, wakachukua watoto wakatufuata.

Tulikuwa tumeshaweka kitanda uani kwa shangazi tuliposikia mngurumo wa mto. Maji ya kahawia, na migomba mizima ndani yake, yakaingia mtaani kwetu. Na jua bado linawaka!

Kesho yake nilirudi na mama mkwe. Viroba vyangu vilikuwa vimesimama kwa adabu upande wa ziwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeangukia ndani, wote, palepale kitanda kilipokuwa. Mama mkwe alishika mdomo, akakaa chini kwenye matope akalia. Nami nikalia naye, sioni haya kusema.

Kufika kwa majirani, ananionyesha kidole: "Nilimuambia huyu mukwe, tuhame!" Nikaitika: "Ndiyo, mama." Mimi ni nani?

Nilichojifunza: usiulize tu mvua iko kwako, uliza huko mto unakotoka. Na usisubiri maji ndani ya nyumba ya udongo, hata uinue kitanda mpaka darini.

Haya wakuu, semeni na nyinyi. Mto wenu unatoka wapi, na huko juu mna nani wa kuwapigia simu? Kama huna mtu, tafuta leo. Mwanangu ananyonya hapa pembeni ninapoandika.